Dhahabu ya makaratasi na viatu vya shangazi

Nimepotea hapa kwa wiki kadhaa, naomba radhi. Kazi ilikuwa nyingi, halafu likatokea jambo la kifamilia ambalo limenifanya nisome historia kuliko nilivyowahi kuisoma shuleni. Najua niliahidi makala kuhusu kuhifadhi nakala za data. Hiyo itasubiri. Leo tuzungumzie pesa, dhahabu na viatu vya watoto.

Nianze na viatu. Shangazi yangu anaishi Kisumu Ndogo, Kibera, mtaa niliozaliwa. (Usichanganye na Kisumu Ndogo ya Korogocho, ingawa huko nako tuna jamaa.) Anauza viatu vya watoto soko la Toi. Zamani alikuwa akienda Gikomba alfajiri kufungua mitumba. Miaka ya karibuni, yeye na akina mama wengine wanne huchanga pesa na kuagiza viatu vipya kutoka mji wa Yiwu, China. Malipo ni rahisi mno. Wanampelekea wakala mmoja mjini shilingi zao, na siku hiyo hiyo muuzaji kule Yiwu anapokea yuan kwenye akaunti yake. Hakuna fomu, hakuna foleni, hakuna "rudi Jumatatu". Bei ya wakala ni nzuri kuliko ya benki.

Safari moja mambo yakaharibika. Muuzaji alipokea yuan, akakiri kuzipokea, kisha baada ya siku chache akatuma ujumbe kwamba akaunti yake imefungwa na polisi wa huko. Sababu? Pesa zilizoingia zilitoka kwa watu wanaochunguzwa kwa utapeli. Viatu havitoki mpaka akaunti ifunguliwe.

Shangazi akaniita. Nilipewa jina la baba yake, kwa hiyo huniita baba.

"Baba, wewe umesomea kompyuta," akasema. "Pesa yangu ilitoka hapa Toi. Ilikuwa ya viatu. Imekuwaje ya wezi ikifika China?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyorudi nyuma, hadi nikajikuta mwaka 1990, kabla sijazaliwa.

Jibu fupi ni hili: pesa ya shangazi haikuenda China. Haikutoka hata Nairobi.

Wakala hana bomba la kupitisha pesa baharini. Alicho nacho ni watu wawili wenye shida zinazoelekeana. Nairobi kuna shangazi, mwenye shilingi na anayetaka yuan. China kuna mtu mwenye yuan anayetaka thamani yake nje ya China. Huyo wa pili huenda ni mwananchi wa kawaida tu, kwani serikali ya China humruhusu kila mtu kubadilisha dola 50,000 kwa mwaka na si zaidi. Au huenda ni tapeli aliyeiba akaunti za wazee. Wakala hamuulizi. Anamwambia: lipa yuan zako kwenye akaunti hii ya muuzaji wa viatu, nami nitakupa shilingi Nairobi, au dola Dubai. Yuan zimebaki China, shilingi zimebaki Kenya. Kilichovuka bahari ni viatu peke yake.

Watu wa sheria huita jambo hili utakatishaji wa fedha kupitia biashara. Mwenye pesa chafu amepata pesa isiyo na historia, na mwenye biashara halali amelipiwa bidhaa yake kwa pesa yenye historia mbaya. Nchini Colombia mtindo huu ulikuzwa na walanguzi wa kokeini. Dola zao zilikuwa Marekani, wao walitaka peso, na waagizaji wa friji na sigara walikuwa na peso wakitaka dola. Dalali akawakutanisha. Friji ikasafiri, pesa ikakaa.

Wazo lenyewe si la wezi. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walilitumia karne nyingi kabla ya benki, na Kiswahili kimelihifadhi. Hawala tumelipata kwa Kiarabu, na hundi, neno ambalo Wakenya hulitumia leo kwa maana ya cheki, limetoka Bara Hindi. Mfanyabiashara hakutaka kupanda jahazi na sanduku la fedha. Alibeba karatasi, na mwenzake ng'ambo akamlipa. Deni kati yao lilifutwa baadaye kwa shehena. Hakuna ubaya wowote hapo.

Ubaya huanza wapi basi? Nikiangalia historia yetu, naona vitu viwili hukutana kila mara. Cha kwanza, serikali inaweka kizuizi au zawadi kwenye fedha za kigeni. Cha pili, kuna karatasi inayosema bidhaa fulani imevuka mpaka, na hakuna anayeilinganisha na bidhaa yenyewe.

Kenya iliyotangulia kuzaliwa kwangu ilikuwa na kizuizi. Sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilirithiwa kutoka kwa mkoloni. Ukipata dola, unaziuza benki kwa bei rasmi. Ukizihitaji, unaomba kibali Benki Kuu. Bei rasmi ilikuwa ya chini kuliko ya mtaani, kwa hiyo kila aliyeweza alitafuta mlango wa nyuma, na mlango mzuri kuliko yote ulikuwa ankara. Tuseme unaagiza mashine ya dola 100,000. Unamwomba muuzaji aandike ankara ya 130,000. Benki Kuu inakuruhusu kutoa 130,000, mashine inakuja, na 30,000 zinabaki kwenye akaunti yako ng'ambo. Muuzaji wa kahawa au chai alifanya kinyume: anaandika bei ndogo kuliko halisi na kuiacha tofauti nje. Hakuna aliyebeba noti kwenye begi. Uongo ulikaa kwenye tarakimu moja tu.

Na mpaka wa magharibi ulikuwa na hadithi yake. Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda ya Idi Amin alilipwa kidogo na bodi ya serikali, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Magunia yakaanza kuvuka usiku kwenda Chepkube, upande wa Kenya karibu na Mlima Elgon, na soko hilo la kijijini likajaa pesa miaka ya 1976 na 1977. Kahawa ya Uganda ilipofika Mombasa ilikuwa ya Kenya kwa mujibu wa karatasi. Waganda walikuwa na neno kwa uchumi huo wote: magendo. Neno letu hilo hilo.

Sasa tufike 1990.

Kenya ilikuwa na njaa ya dola. Novemba 1991 wafadhili wangesimamisha misaada na njaa hiyo ingezidi. Tayari kulikuwa na sheria ya kuwatuza wauzaji wa nje: ukiuza bidhaa ng'ambo na kuleta fedha za kigeni, serikali inakuongezea asilimia 20. Kampuni changa iitwayo Goldenberg International, ya mfanyabiashara Kamlesh Pattni, iliomba haki ya pekee ya kuuza dhahabu na almasi nje, na iongezewe asilimia 35 badala ya 20. Iliahidi kuleta dola milioni 50 kila mwaka. Mkurugenzi mwenzake alikuwa James Kanyotu, mkuu wa idara ya ujasusi. Ombi likakubaliwa. Asilimia 15 za juu zililipwa nje ya kile sheria ilichotaja.

Sisi asili yetu ni Migori. Nina ami zangu ambao wamechimba dhahabu maeneo ya Macalder, na najua mtu anavyoweza kusaga mawe wiki nzima apate punje ya kununua unga na sukari. Kakamega nako kulikuwa na dhahabu. Wazungu waliikimbilia miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa Rosterman ukafungwa 1952. Almasi ndiyo kabisa, Kenya haina ya kuuza. Sasa hiyo shehena ya Goldenberg ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye karatasi. Fomu ya forodha iliyoitwa CD3 ilitakiwa kuonyesha kilichouzwa, thamani yake na aliyenunua. Fomu zilijazwa, mihuri ikagongwa, na wanunuzi wakatajwa kuwa Dubai na Uswisi. Lakini ili ulipwe fidia ilibidi pia uonyeshe dola zenyewe. Hapa ndipo soko la fedha la mtaani linapoingia. Tume ya uchunguzi ilisikia baadaye kwamba sehemu ya dola hizo zilinunuliwa hapa hapa nchini, kisha zikapelekwa Benki Kuu kama malipo ya dhahabu.

Ngoja tupige hesabu. Tarakimu hizi ni zangu, za mfano tu. Chukua bei rasmi ya dola kuwa shilingi 30 na ya mtaani 33. Unanunua dola 100 mtaani kwa shilingi 3,300. Unazipeleka Benki Kuu ukisema ni za dhahabu iliyouzwa Dubai. Unalipwa 3,000 kwa bei rasmi, pamoja na asilimia 35 ambayo ni 1,050. Jumla 4,050. Umepata faida ya shilingi 750, hujachimba chochote, na dola zenyewe zilikuwa Kenya tangu mwanzo. Kesho unarudia. Mtu wa programu ataitambua mara moja: ni kitanzi kisicho na sharti la kusimama. Kila mzunguko unatoa pesa hazina.

Mwaka 1991 serikali ikaongeza mafuta kwenye moto bila kukusudia, ilipoanzisha vyeti vya fedha za kigeni vilivyojulikana kama Forex-C. Ulileta dola, ukapewa cheti, na hukuulizwa ulizipata wapi. Nia ilikuwa kuzivuta dola zilizofichwa. Lakini mlango usio na swali hauchagui anayepita.

Mpaka mpango unakufa mwaka 1993, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Kenya ilipoteza kiasi kinachozidi asilimia 10 ya pato lake la mwaka. Shilingi zilizochapwa na kumwagwa zilifanya kazi yake. Wastani wa dola ulikuwa takriban shilingi 32 mwaka 1992, ukawa 58 mwaka 1993. Mfumuko wa bei mwaka huo ulifika asilimia 46. Bila shaka si Goldenberg peke yake. Uchaguzi wa 1992 na kukatwa kwa misaada vilichangia pia. Lakini nilipomwuliza mama kuhusu 1993 hakutaja siasa. Alikuwa akiuza omena kando ya reli, na alisema kwamba jioni ukimaliza kuuza, pesa uliyopata haikuweza kurudisha gunia lile lile asubuhi. "Tulidhani sisi ndio hatujui biashara," akaniambia.

Hebu fikiria hilo. Watu wa Kisumu Ndogo walijilaumu kwa hasara iliyopikwa kwenye fomu ya forodha.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwangu mimi ndiye hadithi yenyewe. Kwenye hifadhidata kuna operesheni ambayo kila mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hufundishwa mapema, yaani kuunganisha majedwali mawili. Huku una jedwali la malipo, kule una jedwali la bidhaa. Unayaoanisha kwa namba ya pamoja, na safu zisizo na mwenzake zinajitokeza zenyewe. Forodha ilikuwa na jedwali lake na Benki Kuu lake. Uswisi na Dubai walikuwa na yao. Goldenberg iliishi kwenye nafasi iliyo kati ya majedwali hayo.

David Munyakei alikuwa karani kijana aliyeajiriwa Benki Kuu mwaka 1991. Kazi yake ilimpitishia karatasi hizo mezani. Hakuwa na kompyuta ya kuoanisha chochote. Alikuwa na macho. Aliona kampuni moja, kiasi kikubwa kisicho cha kawaida, na nyaraka ambazo hazikukaa sawa. Mwaka 1993 nakala alizotoa ziliwafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o (ndiyo, yule ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa gavana wa Kisumu), na suala likafika Bunge. Munyakei alikamatwa na kushtakiwa. Kesi iliondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Tume ya Jaji Bosire iliundwa 2003, naye akatoa ushahidi. Ripoti ilikabidhiwa Februari 2006. Julai mwaka huo Munyakei alifariki, akiwa fukara. Ama Pattni, mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisimamisha mashtaka dhidi yake, na jaji aliyetoa uamuzi huo baadaye aliondolewa kazini kwa jinsi alivyoishughulikia kesi hiyo.

Karani mmoja alifanya kwa macho kazi ambayo mifumo minne haikuifanya, na gharama yake akailipa mwenyewe.

Tulijifunza? Kiasi. Mwaka 1995 maduka ya kubadilisha fedha yalipewa leseni, na kabla mwaka haujaisha sheria ile ya mkoloni ikafutwa. Bei mbili za dola zikawa karibu moja, na ujanja mwingi ukafa wenyewe kwa kukosa chakula. Sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha ilipitishwa 2009 na kuanza kutumika 2010. Kituo cha kupokea taarifa za miamala yenye shaka kilianza kazi 2012. Kenya ikaondolewa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kimataifa mwaka 2014, kisha ikarudishwa Februari 2024.

Lakini pia tulijifunza kufunga mlango wote mara moja. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, nyingi zikiwa za Wasomali. Ziliruhusiwa tena Juni. Kwa miezi hiyo familia zilizotegemea pesa ya ndugu zikakwama. Njia moja inabeba karo ya mtoto na pesa ya mwizi, na ukiifunga yote, mwizi ndiye mwenye uwezo wa kutafuta nyingine.

Kuoanisha majedwali kunawezekana zaidi leo. Mwaka 2018 shirika la Global Financial Integrity la Marekani lilichukua takwimu za biashara za Kenya na kuzilinganisha na za nchi zinazofanya nayo biashara. Kwa mwaka 2013 peke yake lilikadiria kwamba Kenya huenda ilikosa mapato ya takriban dola milioni 907 kutokana na ankara za uongo. Soma tarakimu hiyo kwa tahadhari. Meli huondoka Desemba ikafika Januari, bei ya upande mmoja hujumlisha nauli na ya upande mwingine haijumlishi, na mzigo wa Uganda huandikwa Mombasa. Safu isiyo na mwenzake si ushahidi wa wizi. Ni mahali pa kuanzia kuuliza. Munyakei naye alianza kwa kuuliza.

Mwisho wa viatu? Baada ya miezi minne muuzaji alituma nusu ya mzigo. Nusu nyingine shangazi na wenzake waliilipia upya. Nilimshauri atumie benki. Alikwenda. Benki ilimtaka hati ambazo muuzaji wake hajawahi kumpa, na ada ilikula faida ya jozi nyingi tu kwa mzigo mdogo kama wake. Sasa amerudi kwa wakala, ila kwa masharti mawili. Anataka jina la akaunti iliyotuma yuan, na halipi mzigo wote kwa mkupuo. Wakala alinung'unika, lakini alikubali.

Nilimweleza mambo haya yote tukiwa Toi, yeye akipanga viatu kwa saizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiinua kimoja cha kushoto.

"Kwa hivyo baba, kazi ni kutafuta mwenzake."

Miaka minne chuoni, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza jambo hilo kwa ufupi hivyo :-)

Kama una mzazi au ndugu anayeagiza bidhaa kwa njia hii, mweleze. Si kumtisha, bali ajue kwamba pesa yake inabaki hapa, na inayomlipia kule ina mwenyewe mwingine. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye ile makala ya nakala za data.